Tupeane uzoefu: ulimfanyaje mtu aliyezoea moshi aanze kuuogopa?

Wadau, habari zenu. Najitolea kuelimisha watu kuhusu hewa chafu, na mabango ya "tunza mazingira" yamenichosha. Kuna watu wanachomea takataka chini yake. Ukiwaambia Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama milioni 7 kwa mwaka, ukijumlisha hewa ya nje na ya ndani ya nyumba, wanasema "duh", kisha wanawasha kiberiti. Hawabishi. Wamezoea tu. Naomba tusihutubiane: nani amewahi kumbadilisha mtu hata mmoja, na alitumia njia gani?

Mwalimu wa sayansi
Mimi nilitumia vitambaa vyeupe vilivyopakwa mafuta ya mgando. Wanafunzi walivitundika walikotaka, kila mtu akitabiri cha wapi kitachafuka zaidi. Wengi walisema kando ya barabara. Baada ya siku chache vikarudi darasani, na kilichokuwa cheusi kuliko vyote kilitoka jikoni kwenye kuni. Waliotabiri barabara walibisha hadi kengele ikalia!

Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba masizi yale wanayoyaona ndiyo yenye nafuu. Chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 hazionekani, na unywele wa mtu unazizidi unene mara 20 au zaidi. Pua haizizuii. Zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana hewa chafu inahusishwa hata na kiharusi na magonjwa ya moyo. Jambo la kiharusi ndilo lililowaleta wazazi shuleni kuniuliza kama watoto wamesikia vizuri.

Mama wa mwenye pumu
Jirani yangu alikuwa anachoma plastiki kila jioni. Sikumlaumu. Nilimwomba anitumie ujumbe kabla ya kuwasha, nimwingize mtoto ndani na kufunga madirisha. Akakubali, na kweli akawa anatuma: "Nawasha." Jioni baada ya jioni. Nadhani kuandika vile kulimchosha kuliko maneno yangu yoyote, maana mwenyewe alianza kutenga plastiki pembeni. Nilipoona hivyo ndipo nikamtajia dioksini, sumu inayotoka plastiki za PVC zikichomwa ovyo na kukaa mwilini miaka mingi.

Dereva
Kwetu mapafu hayakutajwa kabisa. Mwenzetu alitupigia hesabu ya mafuta yanayoteketea injini ikiunguruma bure tukisubiri abiria. Sasa tunazima. Afya tumeipata kama nyongeza.

Mbishi
Samahani nikate stimu kidogo. Haya yote yanamtupia mzigo mtu wa chini. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani wanapikia kuni, mkaa, mavi ya mifugo au mafuta ya taa. Mnadhani hawajui moshi unawasha macho? Hawana nishati nyingine. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku 5 na kuua maelfu. Kilichofuata ni sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, si semina. Petroli yenye madini ya risasi (lead) nayo ilikoma kuuzwa kwa magari duniani mwaka 2021 kwa sababu nchi moja baada ya nyingine ziliipiga marufuku. Hakuna dereva aliyeichuja mwenyewe.

Mwanzisha mada
Mbishi, kwenye nishati nakubaliana nawe asilimia mia. Lakini sheria nazo zina watu wanaozisukuma. Huko huko London kulikuwa na Ella Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 mwenye pumu, aliyefariki mwaka 2013. Uchunguzi wa kwanza haukugusa hewa. Mama yake, Rosamund, aliendelea kudai hadi ule wa kwanza ukafutwa, na mwaka 2020 mchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha binti yake. Tangu hapo wanasiasa wa Uingereza hawawezi tena kusema hizi ni takwimu tu.

Kwa hiyo naongeza swali. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya moshi kwa mamlaka yakafanyiwa kazi, atuambie alianzia ofisi ipi na aliambatanisha nini: picha zenye tarehe, vipimo, vyeti vya daktari au saini za majirani?