Ile tembe ya Livingstone pale Kwihara, Tabora, ilikuwa nyumba ya misheni?

Kijana wa Ng'ambo: Wakuu habari. Jumapili nimepanda boda na mgeni wangu mpaka Kwihara kwenye makumbusho, akaniuliza hii ilikuwa nyumba ya mchungaji nini, nikabaki natoa macho tu. Nani anajua?

Mzee wa Isevya: Hapana mwanangu, ile ilikuwa nyumba ya Waarabu wa misafara, tembe ya udongo na paa bapa. Livingstone ndio alikuwa mmisionari lakini pale alikaa tu, walifika na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, Februari 1872 wakitokea Ujiji, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki anasubiri wapagazi mpaka Agosti ndio akaondoka kwenda ziwa Bangweulu, Zambia ya leo.

Dada Mirambo: Na hakurudi hai. Akafa Mei 1873, watumishi wake kina Chuma na Susi wakaubeba mwili kwa miguu, wakapita hapohapo Kwihara, wakakutana na Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, wakasonga hadi Bagamoyo Februari 1874! Mimi hao ndio ningewawekea sanamu.

Kijana wa Ng'ambo: Duh, shikamoo mzee, asante dada. Kumbe maiti nayo ilipita pale.

Mzee wa Isevya: Marahaba. Ila boda wamekupiga bei gani?