Candida albicans: mbona weupe mara mbili?

Dada wa Maabara
Wakuu, habari za usiku. Niko zamu, na kuna jina la fangasi linanikera tangu chuoni: Candida albicans. Mwalimu alisema candida ni nyeupe, na albicans nayo nyeupe. Mbele yangu nina sahani ya juzi niliyomwoteshea: koloni, yaani vishada vyake, zimetuna kidogo, rangi ya maziwa, zinanuka hamira. Nyeupe, sikatai. Lakini nani humwita mtoto Cheupe Cheupe?

Mseminari Mtoro
Dada, Kilatini nilikisoma seminari miaka minne, leo nauza vipuri vya pikipiki, ila hili halijanitoka. Warumi walikuwa na weupe wa namna mbili. Albus ni weupe uliopoa, kama uso wa mtu aliyeshtuka. Candidus una mwanga. Servius, mfafanuzi wa mashairi ya Virgil, aliyatenganisha hivyohivyo: candidus limejaa nuru, albus liko jirani na kupauka. Mimi hutafsiri albus "nyeupe" na candidus "nyeupe pe". Hata weusi waliugawa: ater umefifia, niger unang'aa.

Candidus linatoka kwenye candere, yaani kuwaka, kung'aa. Wagombea wa Roma walizipaka toga zao, yale mashuka ya kujifunga, chokaa ili waonekane toka mbali, wakaitwa candidati. Livius, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilitungwa sheria ya kukataza kuongeza weupe kwenye nguo kwa ajili ya kuomba kura. Mnajua wenyewe sheria za kampeni zinavyoheshimiwa: mwaka 64 KK Cicero, msemaji maarufu wa Roma, anagombea ukonsuli, cheo cha juu cha uongozi, na hotuba aliyowachambua nayo wapinzani wake inaitwa In toga candida, yaani "Katika toga nyeupe pe".

Mzee wa Uyoga
Dada, jina hilo lina wazazi wawili. Mfaransa Robin ndiye aliyempa albicans mwaka 1853, maana yake "anayeelekea weupe". Wakati huo fangasi huyo alikuwa kwenye jenasi, yaani ukoo mdogo wa viumbe, ya Oidium. Mwaka 1923 Berkhout, Mholanzi, akaanzisha jenasi ya Candida na kumhamishia huko. Kwa kanuni zetu za kuwapa viumbe majina, mwenye kuhama jenasi huondoka na jina lake la pili.

Mpemba Asili
Mseminari, hiyo candere haina undugu na kandili? Bibi yangu alikuwa nayo, ya utambi, kila magharibi anafuta kioo kwa gazeti.

Mseminari Mtoro
Damu moja, sheikh. Candere ikazaa candela, mshumaa. Wagiriki wakaichukua, ikafika kwa Waarabu ikawa qindil, ndiyo ikashuka pwani.

Dada wa Maabara
Asanteni, wakuu. Nimeigeuzageuza sahani chini ya taa mara tatu na haing'ai hata kidogo, ni weupe wa uji wa jana. Berkhout anisamehe, kura yangu nampa Robin.