Nyumba za likizo za vijijini Ireland mwezi Oktoba: mnatuuzia picha ya moto, joto lenyewe mnalificha

Wakuu, uzi huu ni wa lawama na sitaremba. Wenye nyumba hizi, kuanzia Kerry na Clare mpaka Donegal, majani yakianza kupukutika wanabandika tangazo lilelile: jiko la chuma linawaka, blanketi la sufu kwenye kochi, kikombe cha chokoleti ya moto. Familia inalipia ile picha, tena kwa bei ya wiki ambayo shule zimefungwa, ile inayozunguka sikukuu ya Jumatatu ya mwisho ya Oktoba. Ikifika inakuta kikapu kimoja cha kuni na karatasi ukutani yenye makatazo kibao.

Nyumba za zamani kule zina kuta za mawe zenye unene wa nusu mita au zaidi, na nyingi hazina chochote cha kuzuia joto lisitoroke. Ikikaa tupu wiki mbili, baridi inakuwa imeshaingia ndani ya mawe. Kuwasha moto wageni wanaposhusha mizigo hakusaidii: hewa inapata joto, ukuta unalinyonya, na usiku shuka zina unyevu kama nguo zilizoanuliwa mapema. Dawa ni boila, ule mtambo unaopasha joto nyumba nzima, kuwashwa siku moja nzima kabla ya wageni. Hawawashi, kwa sababu boila nyingi za vijijini zinakula mafuta ya taa, na mafuta ni hela. Wanatega taima iwake masaa mawili tu asubuhi na masaa mawili jioni, wanaifungia kwenye kisanduku, halafu wanaandika "joto limo kwenye bei". Limo wapi?

Tangi likikauka ni balaa jingine. Hewa inaingia kwenye bomba la mafuta, boila inajizima na kitufe chekundu kinawaka. Kibonyeze mara moja, usubiri. Ikigoma tena, acha. Kukibonyeza mfululizo kunarundika mafuta ambayo hayajaungua ndani ya chumba cha moto. Hata mafuta yakiongezwa, ile hewa lazima itolewe kwanza, na hiyo ni kazi ya fundi. Kwa hiyo siku ya kufika zunguka nyuma ya nyumba ukaangalie kipimo cha tangi kabla hujafungua sanduku la nguo.

Sasa lile jiko la kwenye picha. Kwanza hakikisha ni jiko lenye mlango wa kioo, si tundu la moto lililo wazi, maana tundu la wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto juu kupitia dohani. Pili, kuni. Kanuni za Ireland zilizoanza tarehe 31 Oktoba 2022 zilitaka, kwa kuanzia, kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo ziwe na unyevu wa asilimia 25 au chini yake. Lakini kikapu cha mwenye nyumba mara nyingi ni miti aliyokata mwenyewe majira ya kuchipua, haijakauka. Utaijua: inatoa povu kwenye ncha, inachemka "shiii", kioo kinakuwa cheusi, na lami inajipaka ndani ya dohani, ambayo ndiyo inakuja kushika moto baadaye. Kanuni hizohizo zimezuia turf, ule udongo wa kinamasi uliokaushwa, kuuzwa madukani na mtandaoni. Dukani utapata matofali ya kuwashia moto yaliyoshindiliwa, bunda la kilo 12.5, na kwa nyumba baridi yenye watoto bunda hilo halimalizi siku mbili. Yote hayo juu ya mfuko wako.

Kuwasha: fungua tundu la hewa la chini kabisa, weka viwashio viwili, vijiti vikavu juu yake, matofali mawili yakiegemeana. Yakishika, punguza hewa. Na ule upenyo wa hewa ukutani unaoleta ubaridi msiuzibe kwa taulo! Upo ili moto upate hewa. Ukizibwa, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, inaweza kujaa sebuleni na haina harufu. Nyumba isiyo na king'ora cha gesi hiyo, msilale na moto unaowaka.

Maji ya moto nayo ni vituko. Kabatini kuna tangi lenye hita ya umeme na swichi ya upande wa sinki na upande wa bafu. Sinki hupasha sehemu ya juu tu, inatosha vyombo. Kwa kuoga familia weka bafu, na kwa hita ya kilowati 3 lita 120 zinataka kama saa mbili. Hakuna anayewaambia wageni, kisha wanalaumiwa kwa bili.

Umeme ukikatika, nyumba yenye kisima inakosa na maji, kwa sababu pampu ni ya umeme. Oktoba ni msimu wa dhoruba. Ophelia ya tarehe 16 Oktoba 2017 iliacha wateja zaidi ya 300,000 bila umeme. Onyo la dhoruba likitoka, jaza ndoo na masufuria mapema. Na kama jiko linapasha pia radieta, usichochee moto wakati pampu imesimama, maji yatachemka ndani.

Wenye nyumba mnaosoma humu, andikeni kwenye tangazo: boila inawaka saa ngapi kwa siku, mafuta na kuni anayelipa ni nani, mabunda mangapi yamo kwenye bei, nyumba ina daraja gani la BER, kile kipimo cha matumizi ya nishati ya nyumba, kati ya A1 na G. Mgeni asiyejibiwa haya kwa maandishi asitoe amana.