Maji ya mashine ya kufulia yaelekezwe wapi?

Zuhura: Assalamu alaikum nyote. Mashine ya kufulia ya Mama imefika, nasi tumeiweka kwenye baraza ya nyuma, kando ya mlango wa jikoni. Fundi aliyekuja asubuhi anataka kulikata bomba la inchi 4 linalotoka chooni na kulipachika tii, yaani kiungo chenye njia tatu, ili maji ya mashine yaingie humo moja kwa moja. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha za vifaa.

Mama: Waalaikumu salaam. Mimi nilitosheka na beseni langu, ila hamkunisikiliza.

Idi: Shikamoo Mama. Zuhura, mwambie fundi asikate chochote kwanza. Je, ametaja trapu, yaani kile kiwiko kinachobaki na maji ndani yake?

Zuhura: Hakuitaja, kaka. Alisema mrija wa mashine utachomekwa tu kwenye bomba.

Idi: Basi hapo ndipo penye kasoro. Maji yanayobaki katika kiwiko, yenye kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi, ndiyo yanayoizuia hewa ya karo, yaani tangi la maji taka ya choo, isipande; yasipokuwapo, harufu ya choo itatokea hapo hapo mlangoni pa jikoni, na mende watafuata njia hiyo hiyo.

Mjomba: Mimi nina pingamizi jingine. Karo linahitaji maji yaliyotulia ili uchafu uzame chini, ilhali mashine humwaga maji mengi kwa mkupuo, tena zaidi ya mara moja kwa kila ufuaji. Maji hayo yakilitibua karo, uchafu utasukumwa hadi kwenye shimo la kunyonyea, na udongo wake ukishaziba hakuna dawa ila kuchimba shimo jipya. Karo lile tulilijenga dogo, kwa kuwa fedha ndizo zilizokuwapo. Yapelekeni kwenye gali, yaani kishimo chenye wavu kinachopokea maji ya bafuni, ambalo lina shimo lake la kunyonyea.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Nimepima na kuona kuwa gali liko umbali wa mita 6, lakini sakafu ya baraza imelizidi kwa sentimita 10 tu. Fundi anasema itabidi sakafu ivunjwe.

Idi: Haivunjwi. Bomba dogo kama hilo linahitaji mteremko wa takribani sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 6 zinataka sentimita 15. Lakini mashine ina pampu inayoyapandisha maji, hivyo bomba halilazimiki kuanzia sakafuni. Fundi asimamishe ukutani bomba la inchi 2 ambalo mdomo wake utakuwa kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni, afunge trapu chini yake kwenye kimo cha sentimita 30, kisha alilaze bomba nje ya ukuta hadi kwenye gali, akihakikisha mteremko kwa pima maji. Alipake rangi pia, kwani jua huifanya PVC, yaani plastiki ya bomba, iwe na wepesi wa kuvunjika.

Zuhura: Je, mrija uzibwe pale unapoingia kwenye bomba, ili maji yasiruke?

Idi: Hapana, uachiwe nafasi ya hewa pembeni, la sivyo maji yatafyonzwa yote na trapu itabaki kavu.

Mjomba: Ncha ya bomba iishie chini ya wavu wa gali, lakini juu ya usawa wa maji yake. Na vipande vyote vipangwe vikavu kwanza, kwa sababu gundi ya PVC ikishashika haibanduki. Itakapokauka, mmwage ndoo mbili na kukagua kila kiungo kabla ya kuwasha mashine.

Mama: Mchicha wangu uko jirani na gali. Maji ya sabuni hayataufikia?

Zuhura: Hayatafika, Mama, kwa kuwa bomba linaishia ndani ya gali. Nimempigia fundi naye amekubali, ingawa amenung'unika kidogo kuhusu trapu. Kesho saa mbili tutakwenda pamoja dukani.

Mama: Na beseni langu msilitupe.