Nyumba ya mawe ya 1719 na nyumba ndefu ya 2013: zikae uwanja mmoja?

Mleta mada: Wakuu, hapa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kuna nyumba inaitwa Hans Herr. Wamenoniti, Wakristo wa dhehebu linalokataa vita, waliotoka Uswisi na Ujerumani waliijenga 1719 kwa mawe ya mchanga. Paa limesimama karibu wima, dohani iko katikati ya nyumba, na ukifungua mlango unaingia jikoni moja kwa moja. Sebuleni ndiko walikokuwa wakikutana kusali. Kati ya nyumba za kuishi zilizobaki kwenye kaunti hii, hiyo ndiyo kongwe kuliko zote.

Mwaka 2013 pakajengwa pembeni yake nyumba ndefu, mfano wa zile za magome ya miti za wenyeji wa asili wa Marekani. Mimi naona wamekosea. Ile ya mawe ni yenyewe, hii ni ya kuigiza.

Mchangiaji 1: Yenyewe kwa kiasi gani, ndugu? Watu walishahama humo karne ya 19. Miaka ya 1970 mafundi wakairudisha kwenye sura ya enzi za ukoloni; nao walichagua cha kuonyesha. Halafu juu ya mlango pamechongwa CH HR, yaani Christian Herr. Mbona jina limekwenda kwa Hans?

Mchangiaji 2: Desemba 1763 genge la walowezi lililoitwa Paxton Boys liliua Waconestoga 20, wenyeji wa asili wa hapa: sita kijijini kwao, 14 mjini Lancaster walikokuwa wamehifadhiwa. Mawe hudumu, magome ya miti huoza. Ukisema uwanjani pabaki vya kale tu, umeshaamua wageni wasimuliwe habari za nani.

Mleta mada: Wamenoniti hawakushika silaha. Wauaji ni wengine kabisa.

Mchangiaji 2: Kweli, na ardhi waliinunua kwa watu wa William Penn, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Pennsylvania. Kabla ya Penn ilikuwa ya nani?

Mchangiaji 3: Mimi ni wa Shirati, Mara. Wamisionari waliotuletea Umenoniti mwaka 1934 walitoka Lancaster hiyohiyo. Nyumba ya nyasi ya bibi yangu, aliyewaona wakifika, imebaki kwenye masimulizi tu. Mtu akiijenga upya nitaingia kwa furaha. Ila mlangoni waandike mwaka iliojengwa, kwa herufi kubwa.

Mleta mada: Hapo kwenye kibao nakubali, mkuu. Habari ya Hans na Christian ifunguliwe mada yake.