Kengele ya dakika 25 inanikata katikati ya hoja: nifanyeje?

Muuliza swali
Ndugu zangu, ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili, nami nimeanza kufuata utaratibu wa kufanya kazi kwa dakika 25 na kupumzika dakika 5, kisha kupumzika kwa muda mrefu zaidi kila baada ya vipindi vinne. Katika kupanga marejeleo na kusahihisha majedwali, utaratibu huu unanifaa sana. Lakini ninapoandika sura ya uchambuzi, kengele hulia ndipo kwanza hoja inaanza kukaa sawa, na nikirudi mezani hulazimika kusoma upya ukurasa mzima. Je, nirefushe vipindi, au nivumilie hadi nizoee?

Jibu la kwanza
Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyebuni utaratibu huu mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na msimamo wake ni kwamba kipindi hakigawanyiki: kikikatizwa, hakihesabiwi. Kwa hiyo kabla ya kurefusha, chunguza kwanza kinachopenya ndani ya hizo dakika 25. Weka karatasi kando ya kompyuta. Ukikumbuka kwamba kuna mtu wa kumpigia simu au makala ya kutafuta, liandike jambo hilo kwa maneno mawili, kisha urudi kwenye sentensi yako. Wengi hulipuuza hili, ilhali kwa maoni yangu ndilo kiini cha utaratibu wote.

Jibu la pili
Karatasi naiunga mkono, ila sioni kwa nini dakika 25 ziwe amri. Mimi hufasiri mikataba, na kifungu chenye masharti ndani ya masharti hakinikai kichwani kwa muda mfupi hivyo. Hapo hutumia dakika 50 na kupumzika 10. Kengele ikilia, usikimbilie kumaliza aya. Andika dokezo la hoja inayofuata, kwa mfano "hapa nilinganishe majibu ya wazazi na ya walimu", ndipo uinuke.

Jibu la tatu
Tena mapumziko yasiwe ya simu. Inuka, unywe maji, unyooshe mgongo, utazame mbali. Ukifungua jumbe za WhatsApp, utarudi mezani na mambo ya watu kichwani.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Dokezo nitalijaribu leo hii. Je, mtu akibisha hodi katikati ya kipindi?

Jibu la kwanza
Kama anaweza kusubiri, mwombe muda, andika jina lake kwenye karatasi ile, na umtafute kengele ikilia. Kama hawezi, kifute kipindi hicho, umsikilize kwa utulivu, kisha uanze kingine.