Mdogo wangu kajifungua, nataka arudi shule. Naanzia wapi?

Dada wa Rangi Tatu
Habarini wadau. Naishi Mbagala, nakaanga chipsi. Mdogo wangu ana miaka 17, mtoto wake ana miezi minne. Mimba ilimkuta kidato cha tatu, na cha pili alifaulu vizuri, hesabu ndiyo somo lake. Baba anasema aolewe yaishe. Mama kanyamaza. Mimi nimekataa. Najua serikali ilisharuhusu waliojifungua warudi, ila shuleni kwake kila nikienda naambiwa "tutaangalia". Kinachoniumiza zaidi ni yeye mwenyewe. Madaftari kayafunga kwenye mfuko kayatupa juu ya kabati. Mtoto akilia anamtazama tu mpaka nimnyanyue mimi. Usiku halali hata mtoto akiwa kalala. Nianze na shule au nianze na yeye?

Mwalimu Temeke
Hongera dada kwa kusimama naye. Ruhusa ilitangazwa Novemba 2021, mwongozo ukafuata 2022: anarudi ndani ya miaka miwili tangu alipoacha. "Tutaangalia" siyo jibu. Andika barua, ambatanisha matokeo ya kidato cha pili, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikuzungusha, nenda kwa afisa elimu kata, halafu manispaa. Akiona aibu kurudi palepale, ombeni uhamisho.

Njia nyingine ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, makao makuu yako mjini, barabara ya Bibi Titi. Kule miaka minne ya sekondari inasomwa kwa miwili, na kwa kuwa cha pili alishafaulu, hana haja ya kufanya QT, ule mtihani wa kupima sifa kwa asiyefaulu kidato cha pili. Mimi ningependa arudi darasani, maana hesabu na sayansi bila mwalimu ni mzigo. Ila yeye aulizwe.

Mpita Njia
Huyo sasa ni mama. Aliyempa mimba amuoe, mambo ya shule yamepita.

Dada wa Rangi Tatu
Kaka, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30 tangu sheria irekebishwe 2016. Siwezi kumkabidhi mdogo wangu kwa mtu wa hivyo. Na alishahama mtaa tulipoanza kumuulizia.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, anza na yeye. Hizo dalili unazozieleza, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kutokumjali mtoto, zinafanana sana na sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa wa huzuni nzito. Siyo uvivu wala kiburi, na inatibika. Siku ya kliniki ya mtoto ingia naye, mwambie mhudumu kama ulivyotuandikia hapa, uombe aonane na mshauri. Siku akitamka kwamba bora afe, au kwamba atamdhuru mtoto, msingoje kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na asiachwe peke yake. Mkikwama, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kuhusu kunyonyesha: maziwa anaweza kukamua asubuhi, mikono safi, chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto letu hili yakae kwenye friji, au kwenye kikasha cha baridi chenye barafu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Uji usubiri mpaka atimize miezi sita.

Na jambo ambalo nyumbani hamtaki kulitaja: hata kama hedhi haijarudi, mimba inaweza kuingia. Kipandikizi cha uzazi wa mpango hakikaushi maziwa. Aelezwe njia zote, achague mwenyewe.

Nilirudi
Dada, mimi nilirudi nikiwa na mtoto. Darasani maziwa yalikuwa yanalowesha shati, nikawa nashindilia vipande vya khanga ndani na kuvaa sweta juu, jua kali vilevile. Kilichonivusha ni shangazi aliyekuwa akiniuliza jioni "leo mmesoma nini?" badala ya kunikumbusha aibu. Muombe baba aache maneno ya ndoa mbele yake, hata kama hajabadili msimamo.

Dada wa Rangi Tatu
Asanteni sana. Mama kayasoma haya majibu kwenye simu yangu, kasema mtoto atakaa naye. Jumatatu sifungui biashara, tunakwenda kliniki. Mwalimu, hiyo barua naiandika kwa jina la mzazi, au hata mimi dada naruhusiwa kusaini?

Mwalimu Temeke
Mama asaini, wewe uipeleke.